Unga Aliotupa Bibi Ziwani

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili nilipewa kazi ya kumpeleleza bibi yangu. Aliyenipa kazi hiyo ni mama yangu mzazi, jikoni kwetu Pearland, Texas, huku akimenya viazi na kuongea kwa sauti ya chini. "Wewe unalala naye chumba kimoja," aliniambia. "Akiamka, amka. Akitoka, toka. Usimwulize kitu. Ukiona jambo, uniambie mimi, siyo baba yako."

Niliikubali kazi hiyo haraka, tena kwa furaha. Msinicheke. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile alikuwa mimi, lakini tangu azaliwe mdogo wangu Deo hakuna mtu aliyekuwa akininong'oneza siri. Kupewa siri na Mama kulinifanya nijione mtu mzima. Hata leo nikimwona mtu anatoka chumbani bila kuaga, shingo yangu inageuka yenyewe kumfuata kwa macho. Kazi ya ukachero ukiianza mapema haikutoki.

Bibi alikuja Texas mwaka 2017, miezi michache kabla ya yale mafuriko makubwa. Alikuwa mama yake Baba, Muha wa kijijini, kando ya Ziwa Tanganyika. Mama yangu ni mtu wa Muheza, na kwa Mama, Kigoma ilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa mambo ambayo mtu aliyeokoka hayazungumzii. Baba alikuwa akimtania, "Mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga, ndiye anaogopa uchawi wa Kigoma! Nyani haoni kundule." Mama alikuwa hacheki. Alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa, mtu wa dawa na vipimo, na wakati huohuo alikuwa katika kikundi cha maombi cha akina mama waliokuwa wakitumiana ujumbe wa sauti alfajiri mpaka usiku. Vitu hivyo viwili havikugombana kichwani mwake hata siku moja.

Chanzo cha yote kilikuwa kifuko. Mama alikuwa akibadilisha mashuka ya Bibi, akakuta chini ya mto kifuko cha kitambaa kilichofungwa fundo, ndani mna unga wa ulezi. Ulezi wenyewe Bibi alikuwa ameununua kwenye duka la Wahindi, akausaga kwa mkono wake. Mama alikirudisha kifuko palepale, akanawa mikono mara mbili.

"Unga wa uji unakaa jikoni," aliniambia siku ileile. "Haulali chini ya mto wa mtu."

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mafuriko yalipokuja, maji yaliingia nyumba ya jirani wa kulia na ya jirani wa kushoto, kwetu yakaishia kwenye kizingiti. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kulala. Mama naye alishukuru, lakini mama mmoja wa kikundi cha maombi akamwuliza kwenye simu, "Kwa nini nyumba yenu tu?" Swali hilo lilimwingia Mama kama mwiba wa samaki. Basi hata bahati njema ikawekwa kwenye hesabu ya makosa ya Bibi.

Na Bibi mwenyewe hakujisaidia. Mwanamke aliyelima maisha yake yote, amepata uwanja mzuri nyuma ya nyumba, jua lipo, maji yapo, mbegu za maharage anazo, na hataki kugusa jembe. Jioni moja Baba alimwuliza ana nini.

"Ardhi hii ya nani?" Bibi alimjibu kwa swali.

"Ya kwangu, Mama. Nina hati."

"Aliyekuuzia aliipata wapi?"

"Kwa mwenye kampuni ya kujenga."

"Na huyo?"

Baba akaanza kucheka. "Mama, tukienda hivyo tutafika kwa Adamu."

"Mimi sitaki kufika kwa Adamu," Bibi alisema. "Nataka kufika kwa mwenye nchi. Mnaishi hapa mmebisha hodi kwa nani?"

Baba alilielewa jambo hilo, maana amekulia kulekule. Alinieleza kwamba kwa Waha kuna mtu anaitwa mteko. Mteko si mtemi wala si mwenyekiti wa kijiji. Ni mtu wa ukoo uliotangulia kufika mahali, mwenye kujua ardhi na maji ya pale yanataka nini. Mgeni akihamia halimi wala hajengi kabla ya kumwendea na kitu kidogo mkononi, hata kama ni unga. Hata upepo wa ziwa ukichafuka, anayeulizwa ni mteko. "Mambo ya zamani hayo," Baba alimalizia, akawasha televisheni. Mimi nilimpelekea Mama habari ya jembe, hiyo ya mteko sikumpelekea, kwa sababu ilikuwa ndefu na haikusikika kama siri.

Nyuma ya mtaa wetu kuna bwawa la kukusanyia maji ya mvua, na Bibi alikuwa akienda kusimama pale asubuhi, mikono nyuma, akiongea peke yake. Hilo nililipeleka mbio.

"Anaongea nini?" Mama aliuliza.

"Sijui. Anaongea Kiha."

"Enhe!" Mama alisema, utadhani Kiha ni kosa la jinai.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata shule zilifungwa kwa wiki moja, na Baba akasema tutoke, hewa ya nyumba ile imekuwa nzito. Alitafuta hifadhi ya taifa kwenye pwani ya Ghuba, hukohuko Texas, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Kuna ziwa refu pale, limetengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga, na vibanda vya mbao vya kukodi vimepangwa kando ya maji. Tukaenda wote watano. Bibi alikaa nyuma kati yangu na Deo, na kifuko kilikuwa ndani ya mkoba wake. Nilikuwa nimemwona akikitia, na Mama alikuwa amekwisha kupata taarifa kabla hatujatoka Pearland.

Kibao cha langoni kilikuwa na nembo mbili. Kijana wa pale alitueleza kwamba moja ni ya serikali na nyingine ni ya watu wa asili wa pwani ile, na kwamba hifadhi inasimamiwa na pande zote mbili. Wanaketi meza moja, wanaamua pamoja wageni wapite wapi, moto uwashwe wapi, na upande gani wa ziwa ufungwe na kwa muda gani. Wiki ile upande wa kaskazini ulikuwa umefungwa.

"Kwa sababu gani?" Baba aliuliza.

"Wazee wameomba ufungwe," kijana alijibu, akatupa ramani.

"Wameomba kwa nini? Huko nyuma kuna nini?" Mama aliniuliza mimi kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye mwenye hifadhi.

Nilishangaa kuliko yeye. Shuleni tulikuwa tumesoma historia ya Texas, na kitabu kilisema watu wa pwani hiyo walikwisha zamani. Nilijibu hivyo kwenye mtihani nikawekewa alama ya vema. Nilimtafsiria Bibi maneno ya kijana, nikaongeza na ya kitabu.

Bibi aliguna. "Walikwisha? Na hiyo nembo imewekwa na mizimu?" Kisha, gari linakwenda, nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Kumbe wapo," alisema. "Nchi hii ina wenyewe."

Kesho yake alfajiri aliamka. Nami nikaamka, kama nilivyofunzwa. Alivaa kanga mbili, akachukua kifuko, akafungua mlango bila kuufanya ulie. Nilimwacha atangulie kidogo, nikamfuata peku nikijificha nyuma ya vichaka. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma na vibanda kupiga kelele, sasa ulikuwa umetulia, na jua lilikuwa linaanza kutoka upande wa bahari. Niliamini kabisa kwamba nakwenda kumwona bibi yangu akiroga.

Karibu na nguzo za gati bovu palikuwa na gari la hifadhi. Mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja, amevaa sare, alikuwa amesimama mikono kiunoni akitazama maji. Begani alikuwa na nembo zote mbili. Bibi alisimama mbali kidogo, akakohoa kwa adabu. Kisha akapiga magoti mchangani, akawa anapiga makofi polepole, kama wanavyosalimia wakubwa kwao.

Yule mama aligeuka kwa mshituko. "Ameanguka? Anaumwa?"

"Sabina," Bibi aliita bila kugeuka. "Acha kujificha huko vichakani. Njoo unisemee."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote, bwawani, kitandani, kila mahali, na hakuwahi kunikemea. Nilitoka nikasimama katikati yao nikiwa sijui mikono niiweke wapi.

"Mwambie mimi ni mgeni," Bibi alisema. "Nina karibu mwaka kwenye nchi yao. Nimechota maji, nimewasha moto, nimelala, na sijabisha hodi. Mwambie nilikuwa simjui wa kumbishia. Naona aibu, lakini nimekuja."

Nilitafsiri. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, lakini maneno yale yaliniwia mazito, yalitoka moja moja. Yule mama alitutazama kwa jicho nililolijua vizuri sana, jicho la Mama.

"Nani amewatuma?" aliuliza. "Mmetoka chuo gani? Kuna mtu anatupiga picha?" Na kweli akaangaza huku na huku akitafuta kamera.

"Hakuna," nilisema. "Ni bibi yangu tu. Kwao ndivyo wanavyofanya."

"Na huo unga?" aliuliza, maana Bibi alikuwa amekifungua kifuko. "Hairuhusiwi kulisha ndege."

Nilimwambia Bibi. Bibi akasema, "Ndege wametajwa na nani? Huo ni wa kwake."

Yule mama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alisema nimwambie Bibi kwamba yeye si malkia wa ziwa. Yeye yuko kwenye kamati, upande wa watu wake, na huko kwenye kamati wanagombana na serikali juu ya vyoo, maegesho, na nani ashike funguo za lango. Alisema hawezi kuwasemea wote. Halafu akatazama maji. "Mwambie nimefanya kazi hapa miaka mingi," alisema. "Wageni wananiuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya kukaa."

Akachukua unga kidogo kwa vidole viwili, akaushika tu. Bibi aliinuka, akaenda mpaka kwenye ukingo wa maji, akautupa uliobaki, akisema maneno yake ya Kiha. Yule mama alipukutisha na wa kwake. Halafu, kwa sauti ya kazi kabisa, alinionyesha nguzo za gati.

"Upepo wa usiku umeukata mchanga, pale," alisema. "Ziwa limefungua mlango wa kwenda baharini. Juu maji yanaonekana yametulia, lakini chini yanavuta. Nakwenda kuchukua vibao vya hatari, ofisi iko mbali. Waambie watu wako, watoto wasiingie majini upande huu mpaka nirudi."

Nilimtafsiria Bibi neno kwa neno. Bibi alinishika bega. "Nenda ukamwambie baba yako hivyohivyo. Umwambie na aliyesema ni nani. Mimi nikalale kidogo, magoti yananiuma."

Sasa nije kwenye sehemu yangu. Tulipokuwa tukiagana na yule mama, mzee mmoja Mzungu na mkewe walipita na mbwa wao, wakasimama kututazama: bibi mwenye kanga mbili na mchanga magotini, anapiga makofi mbele ya askari wa hifadhi, na mimi peku katikati. Mke akamnong'oneza mume. Nilisikia uso unawaka. Miaka mingi nimejiambia kwamba nilinyamaza ili kumlinda Bibi, maana kusimulia maneno ya yule mama kulitaka nisimulie na unga, na unga ungemmaliza Bibi kwa Mama. Ni kweli, lilikuwemo hilo. Lakini lililokuwa kubwa ni aibu. Nilimwonea bibi yangu aibu, na nilitaka kuogelea.

Nilipofika kibandani Baba alikuwa anakaanga mayai, Mama anampaka Deo mafuta ya jua.

"Bibi anasema tusiingie majini," nilisema.

"Kwa nini?" Baba aliuliza.

"Sijui."

Mama aliacha kupaka. Baba alicheka. "Mama anadhani hili ni Tanganyika," alisema. "Deo, unataka kuogelea?"

"Yes!" Deo alisema. Alikuwa na miaka mitano.

Mimi na Deo tuliingia upande uleule, Baba na Mama wamebaki ukingoni, maji yakiwa mepesi, ya vuguvugu, yananifika tumboni. Nilikuwa nikiangalia nguzo za gati na kujiambia ziko mbali. Deo alikuwa na boya la mikononi, anacheka. Kisha nikaona kicheko kinakwenda. Hakuzama wala hakupiga kelele. Alikuwa anaondoka tu, taratibu, kama mtu amemshika mkono anamwongoza, kuelekea pale mchanga ulipokatika na mawimbi ya bahari yalipokuwa yanaonekana meupe. Niliita. Baba aliruka na nguo zake. Baba alikulia majini, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Hakupigana na mkondo, aliukata kwa ubavu, akamfikia, akatoka naye mbali kabisa upande wa pili, wote wawili wakitapika maji.

Bibi alikuwa ametoka nje kwa makelele. Alisimama ukingoni mikono kichwani, analia, "Si nilisema! Si nilisema!"

Mama alikuwa amekwisha kumpokonya Baba mtoto, anamsikiliza kifua. Alipomsikia Bibi aliinua kichwa polepole. Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka maji.

"Alijuaje?" Mama alisema.

Tulifungasha papo hapo kumpeleka Deo akapimwe. Kwenye njia ya kutokea tulipishana na gari la hifadhi. Yule mama mwenye mvi alikuwa anashusha vibao vyekundu. Alimwona Bibi dirishani, akainua mkono. Bibi naye akainua wake.

"Anampungia nani?" Mama aliuliza. "Amejuana na nani huku?"

Ningeweza kujibu mimi. Gari lilikuwa linakwenda polepole, kioo kiko wazi, mwenye maneno yake yuko hatua tano kutoka kwetu, na mimi nikatazama magoti yangu.

Deo alikuwa mzima. Jioni ile, nyumbani, Mama aliniita jikoni akafunga mlango. Hakunitisha wala hakunifokea. Alinishika mikono yote miwili.

"Sabina, mwanangu. Alfajiri ulimwona Bibi akifanya nini?"

"Alitupa unga majini," nilisema.

Ni kweli tupu. Sikuongeza hata herufi moja, na ndiyo maana neno lile lilikuwa baya kuliko uongo. Mama alikaa kitini akaziba mdomo kwa kiganja. Nilisubiri aniulize kama Bibi alikuwa peke yake. Hakuuliza, nami sikusema.

Siku ya pili yake Bibi aliamka mapema, akachukua jembe la Baba, akaanza kulima uwanja wa nyuma. Alilima kwa raha, anaimba chinichini, maana sasa alikuwa amebisha hodi na kuitikiwa. Mama aliamka akamwona dirishani, mama mkwe wake ambaye mwaka mzima hakugusa jembe, leo, baada ya mambo ya jana, anachimba mashimo madogomadogo na kufukia kitu.

"Anazika nini?" aliniuliza.

Baba alimtetea Bibi, lazima niliseme hilo. Walibishana chumbani mpaka Deo akalia. Mwisho Baba alitoka akamkalisha Bibi sebuleni, mimi niko kwenye ngazi. "Mama," alisema, na alionekana amechoka sana, "niambie tu. Ulijuaje kwamba maji yatamchukua mtoto?"

Bibi aliinua macho. Akanitazama mimi, pale kwenye ngazi, kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Nilifikiri sasa anasema. Nilifikiri atasema, Mwulize huyo, alikuwepo, ndiye aliyenitafsiria. Akatazama mikono yake.

"Nilijua tu," alisema.

Baba aliinamisha kichwa. Kabla ya mwezi kwisha shangazi yangu, dada yake Baba, alikuja kutoka Mansfield, kaskazini mwa Texas, na gari lake, akampakia Bibi na masanduku mawili. Ilisemwa kwamba kule kuna Waha na Warundi wengi, atapata watu wa kuongea nao. Mama alimpikia wali wa safari. Alimkumbatia hata, lakini kwa mikono tu, kifua kikiwa mbali. Wiki iliyofuata maharage yaliota uwanja mzima, mistari imenyooka. Mama hakuyagusa. Baba aliyavuna mwenyewe, akayapika mwenyewe, akala amegeukia ukuta.

Tulikuwa tunakwenda Mansfield kwa sikukuu. Bibi alinipokea kila mara kama hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililonitesa. Ningependa anikasirikie. Nilijaribu kusema mara tatu au nne, nikaishia kumwomba chai.

Kisha ukaja mwaka 2020, watu wakafungiwa majumbani. Hoteli aliyofanyia kazi Shangazi ilifungwa, Mama alikuwa hospitalini zamu juu ya zamu, anarudi anavulia nguo gereji. Tuliogopa kila mtu atakufa. Mchana mmoja nilimpigia Bibi simu ya video, nikiwa na miaka kumi na minne, na kabla ya salamu kwisha nikaanza kulia.

"Bibi, ni mimi," nilisema. "Yule mama wa ziwani. Nilipaswa kuwaambia. Sikusema aliyekataza ni nani. Wamekufukuza kwa sababu yangu."

Bibi alisogeza simu karibu mpaka nikawa naona jicho moja na nusu ya pua. "Unaniambia habari gani?" alisema. "Mimi si nilikuwepo? Unafikiri nimesahau?"

"Sasa kwa nini hukusema? Baba alikuuliza! Ungesema tu mwulizeni Sabina!"

"Halafu?" alisema. "Mama yako alikuwa ananiogopa mimi. Ningekutaja, angesema bibi amempa mtoto uchawi wake. Alikuwa naye alfajiri, wametupa unga pamoja, anazijua siri zake. Mjukuu wa kike, analala chumba kimoja na mimi! Unajua hayo mambo wanasema hurithiwa na nani? Mimi mzee, nina kwa mwanangu mwingine pa kwenda. Wewe ungekwenda wapi? Pale ni kwa mama yako."

Sikuamini. Nilifikiri ni maneno ya bibi anayetaka mjukuu anyamaze kulia. Mama wa mtu hawezi, nilijiambia. Nikafuta machozi, na Mama aliporudi kutoka zamuni, akaoga, akakaa mezani na uji wake, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: mwenye sare, nguzo za gati, upepo uliokata mchanga, vibao, "sijui" yangu.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Uji ulikuwa unapoa. Nilipomaliza nilisubiri alie, au aninase kofi, au achukue simu ampigie Bibi amwombe radhi. Vyote vitatu nilikuwa nimejiandaa navyo.

"Miaka miwili," Mama alisema. "Miaka miwili ulikuwa unajua, umenyamaza. Leo ndiyo unasema." Alikisogeza kiti chake nyuma kidogo. "Umeongea na Bibi leo?"

"Ndiyo."

"Alikuambia nini, Sabina? Ni yeye aliyekutuma?"

Na akanitazama. Lilikuwa jicho lilelile alilomtazamia Bibi siku ya ziwani. Baadaye alilishusha, akasema amechoka, akanishika kichwani akaenda kulala. Miezi mingi baadaye alimpigia Bibi mwenyewe, wakaongea mlango umefungwa, na siku hizi Bibi huja Pearland kwa wiki mbili tatu. Mama yangu si mtu mbaya. Aliwafumba macho wagonjwa wengi waliokufa kwa mkono wake mwaka ule, na hakukwepa hata mmoja.

Lakini jicho lile nililiona, na sikuwa mtoto tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na bado niliinuka nikamchukulia bakuli la uji ili nisilitazame. Nimejiuliza mara nyingi lingenifanya nini lingenikuta na miaka kumi na miwili, jioni ile jikoni, mlango umefungwa, mikono yangu ikiwa ndani ya mikono yake. Kunyamaza kwangu hakusameheki kwa hilo, mimi sikunyamaza kwa hekima. Aliyenyamaza kwa hekima ni Bibi, akijua bei yake, na akailipa yeye.